Mfuko Uliokuja na Laptop

Kwetu chombo hakirudi kitupu. Ukiletewa vitumbua kwenye sahani, sahani hiyo haivuki tena kizingiti chetu mpaka iwe na kitu ndani, hata kama ni ndimu zilizoanza kukauka ngozi. Mama hakuwahi kutueleza kwa nini. Alisema tu kwamba anayerudisha chombo kitupu ni mtu aliyekula, akanawa, akasahau, na hakuna aliyetaka kuitwa hivyo katika ukoo ambao Tabora nzima inaujua tangu enzi za misafara.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kukosea. Kati ya nyumba yetu na ya jirani, mama mmoja Mnyamwezi wa Itetemia aliyeolewa mjini, palikuwa na bakuli la kijani lililokwenda na kurudi miaka mingi hadi hakuna aliyekumbuka lilianzia kwa nani. Ramadhani lilitoka kwetu na tambi, likarudi na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa vikachemshwa. Krismasi lilitoka kwao na pilau, likarudi na halua. Siku moja nililirudisha tupu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Mama alipogundua alinirudisha palepale. Nikabisha hodi, nikamwomba jirani anipe lile bakuli tupu nililomletea, ili nikalijaze kwanza. Jirani alicheka mpaka akashika mlango. "Mama yako huyu, mwanangu," alisema, "hata akiomba moto ataurudisha na kuni." Nikaondoka nimenuna, bakuli mkononi, na tangu siku hiyo sikurudia.

Nilipomaliza kidato cha sita nilichaguliwa kusoma usanifu majengo Dar es Salaam. Watu hudhani niliipenda fani hiyo kwa sababu ya nyumba yetu. Ni kweli ilikuwa kwa sababu ya nyumba yetu, lakini mapenzi hayakuwemo. Ni nyumba ya zamani, ya udongo, kuta nene, madirisha madogo yaliyowekwa juu ambako hata mtu mrefu hachungulii. Walioijenga walikuwa wafanyabiashara, walihifadhi humo nguo na pembe za ndovu, na watu pia, ingawa hilo halitajwi kwetu chakula kikiwa mezani. Ilijengwa ili kilichomo kisitoke. Vyumba vyote vinafungukia uani, ua una mlango mmoja, mlango huo unaingia ukumbini, ukumbini ndiko anakokaa baba na wageni wake, na ukishawapita wote hao ndipo unaufikia mlango wa mbele, ule wa nakshi ambao wageni kutoka nje husimama kuupiga picha. Hutoki kwetu bila kuulizwa unakwenda wapi. Tangu shule ya msingi nilikuwa nachora ramani ya nyumba ile nyuma ya madaftari yangu, na kila nilipoichora niliongeza mlango kwenye ukuta wa nyuma. Mwalimu mmoja aliniambia nina kipaji. Mimi nilikuwa natafuta pa kutokea tu.

Kusoma usanifu bila laptop hakuwezekani siku hizi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye rafiki yangu aliniunganisha naye, aliniandikia kwenye simu mambo ya kuangalia. Usitazame sura, alisema. Usidanganywe na wembamba. Hakikisha ina kadi yake yenyewe ya michoro, maana programu za kuchora majengo zitaikaba ile ya kawaida mpaka izime. Ramu, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe kubwa, kioo kiwe kipana, feni iwe na nguvu. Niliyakariri hayo yote na nikayarudia kwa sauti nikifagia ua, mama akidhani nasoma dua.

Baba ni muuza vitambaa. Alikubali kuninunulia bila maneno mengi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo, maana wapo baba wa mtaa wetu ambao wangeanza kwa kuuliza msichana anajenga nini. Lakini baba alikwenda kuchagua laptop kama anavyochagua sanduku la safari. Aliinyanyua kupima uzito. Alipitisha kidole pembeni kutafuta mkwaruzo. Alifungua na kufunga kifuniko, akasikiliza bawaba.

Fundi mmoja karibu na soko, anayeuza mashine zilizotumika, alinitolea moja kutoka chini ya meza. Ilikuwa nyeusi, nene, kona moja imebanjuka. Alisema ilitoka kwenye ofisi ya wachoraji huko ng'ambo. Aliiwasha, akafungua mchoro mkubwa wa ghorofa, akauzungusha huku na huku, na mashine ile ikaanza kuvuma lakini haikusita hata kidogo. Moyo wangu ulitulia pale. Nilijua ndiyo hiyo.

Baba aliweka kiganja juu yake, akakiondoa haraka.

"Hii si laptop," alisema. "Hili ni jiko."

"Mzee wangu," fundi alijibu akicheka, "kwani chakula kinaivia wapi?"

"Baba," nikasema, "nyumba njema si mlango."

"Ni kweli," baba akajibu, "lakini mgeni huanza kuuona mlango." Akamshukuru fundi, akamwamkua mama mmoja aliyekuwa akipita na kumuuliza habari za watoto, na alipomaliza hayo ndipo akanigeukia. "Binti yangu haendi Dar na mtumba wenye kona iliyobanjuka. Watasema nini? Tena sisi hatununui kwa watu tusiowajua wakati tuna watu wetu. Nitampigia ami yako."

Ami ni kaka yake baba. Ana duka la vifaa vya umeme Kariakoo, la kwake mwenyewe, na kijana wake mkubwa ndiye anayelisimamia. Katika ukoo wetu kila kitu hupita kwa mtu wa damu: kitambaa, tiketi, daktari, kiwanja. Ukinunua kwa mgeni, hata kama umepata kizuri zaidi, umemvunjia mtu heshima mahali fulani. Nilikaa nikasubiri. Nilikuwa mtu wa kusubiri tu mwaka ule. Nilipika, nilifagia, nilipita ukumbini nikaulizwa ninakwenda wapi, nikajibu dukani, nikarudi. Nyakati nyingine nilipita kwa fundi kuangalia kama jiko langu bado lipo. Lilikuwepo, chini ya meza.

Badala ya ami kutuma kifurushi kwa basi, alikuja mkewe. Huyu tunamwita mama mkubwa, na sijui mtu mwenye mkono laini kama wake. Alikuja na halua, na manukato ya mama, na kitambaa cha kanzu cha baba. Tulipomaliza kula akanyanyua mfuko wa ngozi ya kahawia aliokuwa ameuegemeza kwenye kochi tangu alipofika, akaniwekea mapajani.

"Chako hicho, mwanangu."

Ndani mlikuwa na laptop. Nyembamba, ya fedha, baridi kama sahani. Nikasema moyoni, tayari, wamenunua sura. Lakini nilipoyasoma maelezo yake, niliyarudia tangu mwanzo. Kadi ya michoro ilikuwemo, tena ya maana. Ramu ilizidi niliyokuwa naiota. Kioo kilikuwa kipana na weupe wake haukuumiza macho. Yote niliyoambiwa niyatafute yalikuwemo, na wembamba juu yake.

"Iwashe basi tuone," mama mkubwa akasema.

Nilimtazama mama. Alikuwa anakunja kanga ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Hakuniangalia. Nikaiwasha. Mashine ikaniomba alama ya kidole ili initambue, nikaweka kidole gumba, ikaniomba tena, nikaweka tena, mpaka ikaridhika. Mama mkubwa alinipiga picha nikiwa nimeikumbatia, nacheka meno yote nje, na picha hiyo akaituma kwenye kundi la ukoo. Simu zote mle ndani zikaanza kulia. Mashallah. Hongera sana binti yetu. Shangazi mmoja wa Igunga akaandika, Karibu nyumbani mwanangu. Nikashangaa kidogo, kwa sababu nilikuwa nyumbani. Lakini sikulifikiria zaidi ya hapo, nilikuwa na haraka ya kuweka programu.

Jioni hiyo nilichora nyumba yetu. Nilikuwa nimejifunza programu ile kwenye simu kwa kuangalia video, lakini kuangalia si kutenda. Sasa kuta zilisimama zenyewe, nene kama zilivyo, ua ukajitokeza katikati, nikaizungusha nyumba nzima kwa kidole kimoja. Nikaenda kwenye ukuta wa nyuma nikaufungua. Mlango wa kawaida, wa mbao, usio na nakshi. Nilikaa nikiutazama muda mrefu. Naomba nieleweke hapa: niliipenda laptop ile. Sijapata kukipenda kitu namna hiyo, na kila nikisimulia habari hii watu hutaka niseme kwamba tangu mwanzo nilihisi kuna jambo. Sikuhisi lolote. Nilikuwa na furaha.

Mama mkubwa alipoondoka, mama alimpa dumu la asali na uyoga mkavu. Mimi ndiye niliyembebea mpaka kituo cha basi. Niliporudi niliukuta ule mfuko wa kahawia umetundikwa msumarini ukumbini, mtupu, kwa kuwa laptop ilikuwa chumbani kwangu.

"Mama, mfuko huu niuweke wapi?"

"Uache hapo."

"Si tumeshawapa asali?"

"Asali ni ya halua," mama akasema. "Uyoga ni wa manukato. Kanzu baba yako ataijibu mwenyewe."

"Na mfuko?"

Mama akakaa. "Mfuko haujajibiwa."

Nilianza kucheka, halafu nikaona kwamba yeye hacheki. Nikamuuliza mfuko ule tutaujibu na nini. Aliangalia kule kwenye kona ya ukumbi, kwenye cherehani yake yenye meza ya chuma iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ile cherehani ilikuwapo kabla yangu. Nilijua kwamba ilikuwa yake. Sikuwahi kuuliza ilifikaje.

"Nilikuwa nataka kushona," mama akasema. "Nilikuwa naongea habari za kushona asubuhi na jioni. Siku moja watu wa kwao baba yako wakaja kututembelea, wakaileta. Wakasema nijaribu. Nikakaa nikashona pindo la shuka mbele yao. Hakuna aliyetamka neno lingine lolote siku hiyo. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, mwanangu. Walipokuja tena, walikuja kunichukua."

"Na ulikataa?"

"Nikatae nini? Cherehani niliitaka kweli."

Hakusema kwamba alionewa. Hakusema kwamba baba ni mume mbaya, na si mume mbaya. Lakini sijawahi kumwona mama akishona kitu zaidi ya vishikizo vya mashati ya baba na mapindo ya mapazia.

"Mbona hukunizuia?" nikamuuliza. "Ulikuwa umekaa palepale."

"Ungeiacha kama ningekwambia?"

Ningeiacha? Sijui. Mpaka leo sijui.

Kilichofuata hakikuwa kelele. Laiti ingekuwa kelele ningejua pa kupiga. Hakuna aliyekuja kuniambia utaolewa. Hakuna aliyeniuliza. Shangazi alinitumia picha za mapazia akiniuliza rangi ninayoipenda. Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili alinishika mkono dukani akasema, "Dar ni joto, utazoea." Baba, akila, alisema kama mtu anayesema bei ya sukari imepanda: "Ami yako anasema usihangaike na hosteli, utakaa kwake. Mwaka wa kwanza utasoma vizuri tu. Ya mbele tutaangalia."

Tutaangalia. Kozi ni miaka mitano, na mimi nilikuwa nimepewa mmoja. Nilimwangalia usoni nione kama analijua hilo. Alikuwa anatafuta mfupa kwenye samaki.

Nilikasirika, lakini hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumshukia. Ami alikuwa mkarimu. Mama mkubwa alikuwa na mkono laini. Nilibaki na kijana wao mkubwa, yule ambaye mfuko ulikuja kwa ajili yake, nikasema huyu angalau nitamchukia. Nikamwandikia, nikamshukuru kwa ukavu. Akajibu palepale akiuliza kama kioo kinanitosha, na kama programu zinafunguka haraka. Alisema alimtafuta mtu anayesoma usanifu akamuuliza kila kitu, kwa sababu hakutaka niaibike darasani. Nikamuuliza, "Na wewe uliulizwa?" Akaandika: "Mimi niliambiwa nichague laptop nzuri. Nikachagua." Baada ya muda akaongeza, "Ni nzuri, au siyo?" Nikamjibu kwamba ni nzuri. Hata huyo nikashindwa kumchukia.

Nikaacha kuiwasha. Niliifunga nikaiweka juu ya kabati, lakini nilikuwa najua kwamba ipo, na chumba changu hakina hata dirisha la kukimbizia macho. Nikatoka uani, nikarudi, nikatoka tena. Nikipita ukumbini ule mfuko ulikuwa pale msumarini, mdomo wazi. Nilitamani kuuziba hata kwa gazeti.

Mwishowe nilikwenda dukani kwa baba. Nilisubiri mteja wake aondoke. Alikuwa ameshika mkasi, vitenge vimetandazwa juu ya meza.

"Baba," nikasema, "naomba lile jiko."

Alinielewa. Hakujifanya hajaelewa, na kwa hilo pia namshukuru. Alishusha mkasi.

"Umeshaiwasha," alisema.

"Sikujua."

"Mama yako hakukwambia?"

"Angeniambiaje mbele ya mgeni?"

Baba akanyanyua ncha ya kitenge, akanionyesha pale kilipokatwa. "Hiki mteja alikisema, nikakikata, akabadili mawazo. Nitamuuzia nani? Kitambaa kikishakatwa hakirudi kwenye jora. Hata huyo mteja angesema hakujua." Aliongea taratibu, bila ukali. "Ami yako alinisimamia baba yetu alipofariki. Ukoo mzima umekuona kwenye picha unacheka. Unataka nimpigie nimwambie nini?"

"Mwambie nataka kusoma."

"Kwani amekukataza kusoma?"

Ndivyo walivyo. Wanakufungia katikati ya wema, na kila ukuta unaougusa ni wema mtupu. Nilirudi nyumbani nikipita mbele ya duka la fundi bila kuangalia chini ya meza.

Sijui mama aliambiwa na baba au aliona usoni kwangu. Asubuhi moja alikuja chumbani kwangu na kitambaa laini chenye unyevu. Akaishusha laptop juu ya kabati, akaifuta kifuniko, akafuta pembe zake, akafuta vitufe kimoja kimoja kama anayefuta vyombo vya mgeni.

"Fungua," akasema. Nikafungua. "Kidole chako kimo humo?"

"Kimo."

"Kitoe. Na hiyo nyumba yangu uliyoichora, ifute."

Niliunakili mchoro kwenye flashi kwanza, kisha nikaufuta. Nikaifuta alama ya kidole. Mashine ikawa haina mwenyewe tena, ikabaki inasubiri mtu wa kuiwasha. Mama akaitia mfukoni, akafunga zipu. Akavaa baibui. Nilikwishajua anakwenda wapi, na mkono wangu wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote, ukaenda kwenye rafu ya jikoni ukachukua chupa ya asali. Nikamkimbilia nayo uani.

"Mama, asali."

"Iache."

"Mama, mfuko—"

"Nimesema iache."

Akapita ukumbini mbele ya baba na wageni wake wawili wa kahawa. Baba akamuuliza anakwenda wapi. Mama akasema, "Kwenye mabasi. Ninarudisha chombo." Akautoa mkono wake uliokuwa ndani ya baibui, mfuko ukaonekana wote, kila mmoja auone. Hakuna aliyesimama. Mlango wa nakshi ukafunguka, ukafungwa. Mimi nilibaki uani na chupa ya asali, nikilia kwa sauti kama mtoto, maana nilielewa alichokifanya. Ndani ya mfuko ule hamkuwa na chochote cha kwetu.

Kundi la ukoo lilinyamaza. Mama mkubwa hakupiga simu, hakuandika. Shangazi wa Igunga alijitoa kwenye kundi, akarudishwa, akajitoa tena. Ilipofika Idi, ami hakumtumia baba salamu, jambo ambalo halijawahi kutokea, na baba alikaa na simu mbele yake mpaka chai ikapoa. Alikuwa haongei na mama isipokuwa kwa kupitia kwangu. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama alikuwa amekaa mbele yake. Niliona aibu kuwa mimi ndiye chanzo, na niliona hasira kwamba naona aibu. Nyumba ilizidi kuwa ndogo. Jirani peke yake ndiye aliyekuja kama kawaida na bakuli la kijani, akaamkuana na mama, akakaa naye jikoni, na sikuwasikia wakizungumza sana.

Siku chache kabla ya safari baba alirudi kutoka dukani na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Akakiweka mezani mbele yangu. Nilikijua kwa unene wake kabla sijafungua.

"Lina joto," alisema. "Usiliweke mapajani."

Nilitaka kumbusu mkono. Akaurudisha nyuma.

"Nimempoteza kaka yangu kwa hili," akasema. "Usinirudie hapa bila shahada."

Akaingia ndani. Sikupata nafasi ya kumshukuru, na nikitafakari, sijui kama ilikuwa zawadi au hukumu.

Mama alinisindikiza stesheni peke yake. Treni ilichelewa, tukakaa kwenye benchi kati ya magunia ya mchele na watu waliojilalia. Alikuwa amenifungia chakula kwenye kitambaa. Nilipogusa nilitambua umbo la bakuli.

"Mama, hili si lile la kijani?"

"Ndilo. Jirani nimeshamwambia."

"Nitalirudisha likizo," nikasema. "Nitalijaza—"

"Lirudishe tupu."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa kelele za watu, kwa kuwa treni ndiyo ilikuwa inaingia. Alinishika kidevu kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo nikikataa dawa.

"Usiniletee kitu ndani yake," alisema. "Si shahada, si zawadi, si chochote. Ya baba yako ni ya baba yako. Mimi nakulisha tu. Ule, uoshe, ulirudishe tupu."

Sasa niko mwaka wa pili. Darasani tunakaa kwenye meza ndefu na jiko langu linavuma mpaka wenzangu wananiambia niizime feni, wakijua fika kwamba ndiyo hiyo feni. Linachora. Halijawahi kuzima. Usanifu wenyewe, kusema kweli, si ule nilioufikiria. Kuna hesabu za nguzo na mihimili ambazo zinanitoa machozi, na kuna wiki ninazotamani kuacha. Wenzangu wawili wameacha, wamehamia fani nyingine, wazazi wao wamefoka kidogo yakaisha. Mimi siwezi kuacha. Nikifikiria kuacha namwona baba na simu yake mbele ya chai iliyopoa, nafungua mashine, naendelea. Nilitoboa mlango kwenye ukuta wa nyuma, nikatoka, nikakuta ni ua mwingine.

Bakuli la kijani liko juu ya kabati la hosteli. Nimekwenda nyumbani likizo zote na kila mara nimeliacha. Si kwamba nalisahau. Naliosha, nalikausha, nalitia kwenye begi, halafu najikuta nimekwenda mpaka dukani, nimesimama mbele ya maboksi ya tende, nachagua. Ninaziacha tende, ninarudi, ninalitoa bakuli kwenye begi. Mama haniulizi. Jirani alinitania likizo iliyopita, akasema bakuli lake limekwenda kusoma chuo kikuu. Nimeahidi kulipeleka safari ijayo, na nimejaribu kulibeba mkononi hivihivi, kuzunguka nalo chumbani, nizoee wepesi wake.